Kabla hamjafungua kopo: kwa wachoraji wapya wa kuta za mtaa

Nimewaona tena. Kruu, yaani kikundi, ya vijana wenye mikono ya kipaji kweli, Jumamosi asubuhi, wamepanda ngazi kwenye ukuta ambao plasta yake haijakauka. Hawajamuuliza mtu isipokuwa keateka, yule mtunza jengo, na mvua za Machi ziko njiani. Kufikia Juni kazi ile itakuwa inabanduka, nao watasema rangi za siku hizi ni feki. Rangi si feki. Nawapenda, ndiyo maana napandwa na hasira: haya makosa yalishafanywa na waliowatangulia hapa Nairobi, kutoka Kibera hadi Dandora, na hakuna sababu ya kila kruu mpya kuanza kuyafanya upya. Nayaandika jinsi yanavyonijia.

1. Ukuta kwanza. Plasta mpya ya saruji iachwe kama siku 28. Ndani yake kuna maji na chumvi, na vyote vinatafuta njia ya kutoka. Ukivifungia kwa rangi, chumvi nyeupe itakuja kuchomoza katikati ya paji la uso wa mtu uliyemchora. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba pande zote kwa seloteipu, ulale. Asubuhi ukikuta jasho ndani yake, chukua ngazi yako urudi nyumbani. Ukuta wa zamani unataka waya brashi, maji ya sabuni na undakoti, ile rangi ya kwanza ya chini, basi. Mabati ndiyo yanawachanganya wengi. Mabati mapya yanayong'aa hayapokei rangi ya mafuta moja kwa moja, kwa sababu zinki na mafuta hutengeneza sabuni kati yao na rangi yote huachia. Tafuta praima ya mabati. Yenye kutu ni rahisi zaidi: brashi, redi oksaidi (rangi nyekundu ya chini ya kuzuia kutu), endelea.

2. Jua. Mji huu uko karibu na ikweta na umeinuka zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, kwa hiyo jua linalochoma ukuta wako si la mchezo. Ukuta unaotazama magharibi huanza kupigwa saa saba mchana hadi jioni. Nyekundu kali na njano ndizo hupauka mapema. Nyekundu ya oksaidi, ile yenye rangi ya udongo wa Murang'a, huvumilia miaka.

3. Chini ya magoti usichore uso wa mtu. Hapo ndipo boda boda zitaegemea, mpira wa makaratasi utagonga, mtaro utarusha maji, na mama wa chapati ataweka jiko lake. Piga mkanda wa rangi ya mafuta, nyeusi au kahawia, jinsi shule za msingi zinavyofanya, kisha anza picha juu yake.

Na huyo mama wa chapati msimwone kama kizuizi. Ndiye atakayelinda makopo yenu mkienda kula, na ndiye mhakiki wenu wa kwanza. Wakati mmoja nilikuwa nachora mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni. Mama anayeuza mahindi ya kuchoma ng'ambo ya barabara alitazama siku nzima bila neno, halafu jioni akasema, "Huyo mtoto ataanguka. Leso imefungwa chini sana." Nikashuka. Akaazima mtoto wa jirani, akamfunga mgongoni mbele yangu taratibu, akanionyesha fundo linakaa wapi na miguu ya mtoto inatokea wapi, nami nikapiga picha kwa simu. Mchoro ule ndio watu husimama kuutazama mpaka leo, na uzuri wake wote uko kwenye hilo fundo. Kwa hiyo mkiwa juu ya ngazi vueni vipokea sauti masikioni. Watu wanawaambia mambo.

4. Ruhusa. Keateka hana ukuta, ana funguo. Mtafute mwenye ploti, kisha mzee wa mtaa, na ukuta ukiwa wa umma pelekeni barua kwa chifu na kaunti. Picha ikiwa na nembo ya kampuni itahesabiwa kuwa tangazo, na tangazo hulipiwa ada. Anayewapa kazi alipe hiyo ada, si nyinyi.

Najua mtaniletea habari za 2012, mwanaharakati Boniface Mwangi na wachoraji wa grafiti walipochora wanasiasa kama ndege wanaokula mizoga katikati ya jiji, tena usiku. Kazi ile naiheshimu. Ilikuwa inawasemesha wenye mamlaka, na waliochora walikuwa tayari ifutwe na wao waulizwe maswali. Lakini nyinyi mnachora simba na maua kwenye ukuta ambao nyuma yake kuna mtu amelala na mtoto mchanga. Huyo mnamgongea mlango.

Ila ruhusa ya mwenye ploti na ya chifu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili hakuna ofisi inayoitoa, na hiyo ndiyo iliyonifanya niandike haya yote.

5. Sura za marehemu. Kila baze, yaani kijiwe cha vijana, sasa inataka sura ya mwenzao aliyeondoka. Naziona zikizidi Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji, na naona mnazichukua haraka kwa sababu zinapendwa na zinasambaa mitandaoni. Nisikilizeni hapa polepole.

Kijana mmoja wa mtaa wetu, makanga wa matatu, aligongwa na gari akafa. Alipendwa na kila mtu. Mwili ulisafirishwa ushago, kijijini kwao, kuzikwa, na vijana wengi wa baze yake hawakupata nauli ya kwenda mazishini. Wakachanga pesa wakaniletea: tuchoree, tuwe naye hapa. Wakanipa picha moja ya simu, anacheka, kofia imegeuzwa nyuma. Ukuta ulikuwa mzuri, wa ghorofa, unatazama njia kubwa ya miguu. Niliuliza swali moja tu: familia inajua? Wakasema, "Tutawaambia." Nikapokea jibu hilo, kwa sababu nilikuwa nimeshauona mchoro kichwani na nilitaka kuanza.

Kazi ilitoka vizuri kuliko zote nilizowahi kufanya hadi wakati huo. Uso ulikuwa mkubwa kuanzia juu ya dirisha la chini hadi karibu na paa. Macho niliyafanya yamfuate mtu anapopita, ufundi niliokuwa nikijivunia. Chini nikaandika jina lake la baze. Watu walikuja na soda, wakalia, wakapiga picha. Nilikwenda nyumbani nikiwa na furaha.

Mama yake alikuwa akiuza mboga. Kila alfajiri alipita njia ile kwenda kununua mzigo sokoni. Siku ya kwanza ilikuwa bado giza na hakuona kitu alipokuwa akienda; aliona akirudi, mzigo ukiwa mgongoni, jua limeshatoka. Sikuwepo. Niliyajua baadaye, jirani yake aliponiambia kwamba tangu siku hiyo yule mama anazunguka kwa njia ya reli, mbali, na gunia mgongoni, ili asipite mbele ya ukuta wangu. Hakuwa amemlalamikia mtu. Alibadilisha njia tu.

Nilikwenda kwake na vijana wawili wa baze. Alitukaribisha, akatupa chai, akauliza habari za kwetu. Kisha akasema, "Mmemfanya mkubwa kuliko nyumba yangu. Kila nikipita ananitazama, na mimi sina la kumwambia." Akanyamaza kidogo, akaongeza, "Na hilo jina mlilomwandikia, mimi sikumpa."

Mnajua nilitaka kumjibu nini? Nilitaka kumweleza kwamba ilikuwa kazi ya heshima. Nikashukuru Mungu kwamba mdomo ulikuwa na chai.

Vijana nao hawakutaka ifutwe, na hawakuwa na makosa. Mama alikuwa na kaburi ushago, alikwishatupa udongo, alijua mwanawe amelala wapi. Wao hawakuwa na kaburi. Ukuta ndio uliokuwa kaburi lao, mahali pa kumwaga kinywaji kidogo na kumsalimia. Nilikuwa nimewapa watu wawili kitu kimoja bila kujua kwamba mmoja kingemponya na mwingine kingemchoma kila asubuhi. Mazungumzo ya kupatana yalichukua muda mrefu kuliko kuchora, na mzee wa mtaa ilibidi aingie kati.

Tulikubaliana uso uhame. Nikapiga undakoti juu yake mwenyewe. Kufuta uso wa mtu kwa rola ni kazi nisiyowatakia. Undakoti nyeupe haifuniki nyeusi kwa mara moja. Koti ya kwanza ikikauka, macho yalikuwa bado yanaonekana, na mama amekuja amesimama pembeni na leso yake, anatazama. Nikapiga nyingine, na nyingine, hadi ukuta ukawa mtupu. Hakusema kitu, akaenda zake kwa njia yake ya zamani. Kisha nikamchora upya ndani ya baze, upande wa ndani wa ukuta ambako vijana hukaa, ukubwa wa mtu wa kawaida, anatazama pembeni kama anayesubiri gari lijae. Jina nililoandika ni alilompa mama, na la baze nikaliweka chini kwa herufi ndogo. Rangi ya mara ya pili nilinunua mwenyewe.

Kwa hiyo mkiletewa picha ya marehemu kwenye simu, kopo libaki limefungwa hadi mtakapokaa na mzazi, au mke, au yeyote aliyemzika. Mwulizeni anapita wapi kila siku. Mwulizeni picha gani, jina gani, macho yatazame wapi. Akisema hapana, ni hapana, hata kama baze imeshachanga. Akisema ndiyo, mwombeni aje aone mchoro wa penseli. Na msikubali "tutawaambia" kutoka kwa mtu yeyote. Nendeni wenyewe, kwa miguu yenu.

6. Maneno. Yawe machache na yasomwe na anayepita, si na marafiki zenu wa mtandaoni. Wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, mchoraji Solo7 alizunguka Kibera akiandika ujumbe wa amani kwenye kuta na mabati, herufi za mkono tu, na watu wa pale wanamkumbuka kwa hilo kuliko wanavyokumbuka picha nyingi za kupendeza zilizokuja baadaye. Mwaka 2020 Allan Mwangi, anayejulikana kama Mr Detail Seven, alichora sura ya George Floyd, Mmarekani mweusi aliyeuawa na polisi Minneapolis, huko huko Kibera akaandika "Haki". Neno moja, na kila aliyepita, mwenye kujua Minneapolis iko wapi na asiyejua, alielewa linamhusu. Nyinyi mnajaza mistari mitano ya Kiingereza, na miwili ina makosa ya tahajia. Mpeni mwalimu asome kabla hamjapanda ngazi.

7. Ya haraka haraka. Vaeni barakoa ya filta, si leso. Mapafu hayapigwi koti ya pili. Fungeni ngazi kwa kamba. Kukuza mchoro ukutani, gridi ya mistari inatosha, projekta si lazima. Nunueni kepi nyembamba za akiba, zile za kichwa cha kopo la kupulizia. Mkimaliza, pigeni picha jua likiwa upande, kwa sababu la utosini linameza vivuli. Na mrudi baada ya mvua za Oktoba hadi Desemba na masalio ya rangi mkaguse palipochubuka; ukuta usiorudiwa na aliyeuchora, mtaa utaubandika mabango ya waganga, na mtakuwa hamna haki ya kununa.

8. Makaratasi. Hapa nawaona mkilia kila mwaka. Kampuni inawaita, mnachora, mnalipwa nusu, halafu mchoro mnauona kwenye kalenda na fulana. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema kazi ya kuagizwa, hakimiliki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Someni tena mwisho wa sentensi hiyo, maana mlango wenu uko hapo. Haki ya kutajwa jina, na ya kupinga kazi kuharibiwa kwa namna inayowavunjia heshima, inabaki kwenu hata mkiuza hakimiliki; lakini kalenda na fulana mnazipoteza msipoandika kitu. Kwa hiyo kwenye makubaliano, hata yakiwa ukurasa mmoja wa daftari uliosainiwa juu ya boneti ya gari, andikeni hivi: "Hakimiliki ya mchoro huu inabaki kwa mchoraji. Mwagizaji anaruhusiwa kuuonyesha mahali ulipochorwa na kuupiga picha kwa matangazo ya mradi huu pekee. Matumizi mengine yoyote yatalipiwa kwa makubaliano mapya." Pande zote mbili zisaini, tarehe iwekwe, kila mmoja abaki na nakala, na malipo ya kwanza yaingie kabla hamjanunua undakoti.