Kwa mastajeri wapya wa hoteli: saa kumi ni saa ngapi?

Wadogo zangu,

Juma lililopita, wakati wa kupokezana zamu jioni, nilifungua daftari la mapokezi nikakuta mstari ulioandikwa na stajeri, mwanafunzi wa mazoezi ya kazi, aliyekuwa na siku nne tu kazini: «Ch. 9, gari, saa 10.» Nilimpigia simu akiwa tayari ndani ya basi la kwenda Katuba, nikamwuliza kama mgeni wa chumba cha tisa anataka gari saa kumi alfajiri, saa kumi alasiri, au ile saa nne ya asubuhi ambayo wanaohesabu kwa Kifaransa huiita saa kumi. Alinyamaza kidogo, kisha akajibu kwa upole: «Yaya (yaani mkubwa wangu), nilifikiri mtajua.»

Nimefanya kazi ya mapokezi hapa Lubumbashi miaka kumi na mitatu, na kila mwaka vyuo vyetu hutuletea vijana wenye akili, waliokwisha kusoma uongozi wa hoteli, hesabu za gharama na historia ya utalii. Ninawapenda, tena ninafurahi ninapowaona mlangoni na mashati yao yaliyopigwa pasi mara tatu. Lakini jibu lile, «nilifikiri mtajua», nimelisikia kutoka kwa kila kundi, na ninaona uchungu kila mara, kwa sababu najua mwisho wake. Basi someni haya kabla hamjavaa beji.

1. Daftari la zamu ndiyo hoteli yenyewe. Mgeni anadhani amezungumza na hoteli, kumbe amezungumza na mtu mmoja ambaye baada ya muda mfupi atakwenda nyumbani kulala. Lisiloandikwa halikusemwa, na lililoandikwa vibaya ni hatari kuliko lisiloandikwa, kwa kuwa kila mtu huliamini.

Nilijifunza hili katika mwaka wangu wa pili kazini, katika hoteli ambayo sitaitaja. Jioni moja mama mmoja wa Kinshasa, aliyekuja kwa shughuli za kampuni yake, alishuka akiwa na simu mkononi na macho yamevimba. Mama yake mzazi alikuwa amelazwa hali mbaya, na ndugu zake walimwambia asikawie. Alikuwa amepata nafasi katika ndege ya kesho yake asubuhi, 07.30, naye akaniomba kwa Kifaransa nimwamshe saa tano yao, yaani 05.00, maana hakuwa amelala usiku wa kwanza na hakujiamini. Nilimwahidi, na niliahidi kwa moyo. Kichwani nikaigeuza saa ile kuwa ya Kiswahili, kama nilivyozoea tangu utoto, saa kumi na moja alfajiri, nikaandika: «Ch. 14, kuamsha, 11.» Nikafunga daftari, nikavaa koti langu, nikaenda.

Mwenzangu wa zamu ya usiku alikuwa amekulia katika nyumba inayohesabu saa kwa Kifaransa. Alisoma 11, akaelewa 11.00, yaani saa tano yetu kabla ya adhuhuri, akaona ni jambo la kawaida kwa mgeni aliyechoka, akalipitisha kwa zamu ya asubuhi. Usiku ule umeme ulikatika, na simu ya mgeni, ambayo ingeweza kumwamsha, ikazimika chajini. Alishuka mwenyewe 07.45, viatu mkononi, na hakupiga kelele. Aliuliza tu: «Mlinisahau?» Siku ile hakupatikana nafasi nyingine. Aliondoka kesho yake, na mama yake alifariki usiku uliokuwa katikati.

Ningependa kuwaambia kwamba nilisimama mara moja nikakiri. Sikufanya hivyo. Meneja alipouliza kama ombi lilikabidhiwa, nilisema: «Niliandika.» Neno lilikuwa la kweli, lakini nililitumia kama ukuta wa kujificha. Mwenzangu alikatwa mshahara wa siku tano, akanitazama siku zote hizo bila kunilaumu, kwa sababu hata yeye aliamini kwamba alisoma vibaya. Alikuwa na watoto wawili shuleni. Siku ya nane ndipo nilipokwenda kwa meneja na lile daftari, nikamwonyesha mwandiko wangu na kumweleza nilichokuwa nimekusudia. Mwenzangu alirudishiwa fedha zake, mimi nikaondolewa mapokezini miezi mitatu, na ilikuwa haki. Yule mama nilimwandikia barua ya kuomba msamaha. Hakujibu, na sikuwa na haki ya kumdai jibu.

Tangu hapo ninaandika tarakimu nne, 05.00, na neno «asubuhi» kando yake, jina la mgeni, namba ya chumba, sababu ya ombi, na jina la atakayelitekeleza. Sababu ni muhimu: kama ningeandika «ndege 07.30», hata saa iliyokosewa ingejisahihisha yenyewe. Anayepokea zamu husoma kwa sauti mbele ya anayeondoka, kisha wote wawili hutia sahihi. Kazi hiyo haimalizi dakika kumi.

Tena, msisahau kwamba Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Mgeni aliyetua Luano, uwanja wetu wa ndege, mchana huu huenda bado ana saa ya kwao mkononi, ilhali tiketi yake ya kurudi imeandikwa kwa saa ya mji ambamo ndege inaondoka, yaani ya hapa. Mwonyesheni saa ya ukutani, mwulizeni: «Kwa saa hii, Mama?» Ndivyo nilivyomfundisha yule stajeri wa mstari wa chumba cha tisa, ambaye, kwa taarifa yenu, alimpigia mgeni simu kutoka ndani ya basi huku abiria wakimsikiliza, akarudi kwangu na jibu: 16.00, alasiri, kwenda Likasi.

2. Dola hukaguliwa mgeni akiwa bado mbele yenu. Mnajua jinsi mji huu unavyoikataa noti yenye mpasuko mdogo kama ukucha, na mnajua kwamba mgeni kutoka nje halijui jambo hilo. Mwelezeni kwa upole kwamba hata benki na sokoni haitapokewa, mkampe nafasi ya kutoa nyingine au kulipa kwa faranga kwa kiwango kilichobandikwa kaunta siku hiyo. Stajeri mmoja aliona haya kumrudishia mzee mmoja noti yake ya mia, akaipokea, na jioni kashi ilipohesabiwa akalia. Tuliichangia, lakini hatutaichangia kila juma.

3. Anzeni vyumbani. Mwaka jana kijana mmoja aliniambia kwamba hakusoma miaka mitatu ili atandike vitanda. Nilimpeleka kwa msimamizi wetu wa vyumba, mama ambaye hana shahada, akamwambia aingie chumba kilichokwisha kusafishwa na aseme kuna kasoro gani. Hakuona kitu. Mama yule, akiwa bado mlangoni, alitaja balbu ya kando ya kitanda, unywele mmoja bafuni, kidhibiti cha televisheni kisicho na betri, na pazia lililoacha upenyo ambamo jua la asubuhi lingempiga mgeni usoni. Kijana aliomba mwenyewe kubaki vyumbani majuma mawili zaidi, na leo anapouza chumba kwa simu anajua anachokiuza. Mwalimu ambaye hawapeleki wanafunzi wake vyumbani na jikoni anawanyima nusu ya masomo, na hili ningelisema mbele ya walimu wenyewe.

4. Umeme ukikatika jikoni, andikeni saa ulipokatika, msifungue friji bila sababu, na chakula kilichopikwa kisikae mezani zaidi ya saa mbili. Shirika la Afya Duniani linataka kibaki chini ya nyuzi 5 au juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, na kipimajoto hakina huruma kwa sombe (majani ya muhogo) ya shefu. Zamu inapobadilika wakati umeme haupo, saa hiyo iingie daftarini pia, maana mpishi wa jioni hawezi kunusa muda.

5. Mwezi wa sita, wakati wa maonyesho ya madini, hoteli hujaa na kila chumba kina mtu anayekitaka. Msimwahidi mtu chumba kwa mdomo, hata akiwa mjomba wenu. Nafasi iliyoahidiwa bila kuandikwa huzaa wageni wawili wenye masanduku mbele ya kitanda kimoja, na atakayesimama katikati yao ni mwenzenu wa zamu inayofuata, aliyefika kwa baridi ya asubuhi bila kujua lolote.

6. Msiseme «sijui» kwa mgeni bila kuongeza «ninakwenda kuuliza», na mkienda kuuliza, rudini.

7. Ripoti ya staji msiinakili kwa waliowatangulia. Nimesoma ripoti tatu zilizoeleza bwawa la kuogelea la hoteli yetu, nasi hatuna bwawa. Andikeni yaliyotokea katika zamu zenu: ombi gani lilipotea, lilipotelea mikononi mwa nani, na lilirudishwaje. Mkiniomba kuangalia madaftari ya zamani kwa ajili hiyo, nitawafungulia kabati, na lile lenye mstari wa chumba cha 14 nimeliweka juu.

Kundi la Jumatatu linaanza na mimi saa kumi na mbili asubuhi, yaani 06.00 kwa saa ya Lubumbashi. Fikeni 05.45, kila mtu na kalamu yake.