Kwa mnaoanza kupima mafuta ya kahawia kwa watoto

Juzi kijana wetu mmoja alinionyesha grafu yake, uso umejaa furaha. Huku kiasi cha mafuta mwilini, huku joto la ngozi juu ya mtulinga, yalipo mafuta ya kahawia, yale yanayochoma nishati ili kutoa joto, na mstari unashuka vizuri. "Watoto wanene mafuta yao ya kahawia yamelala," akasema. Nilishtuka, maana grafu ile naijua. Niliwahi kuichora mimi mwenyewe. Wadogo zangu, kaeni tuongee.

1. Andikeni halijoto ya chumba, ya nje, na mwezi. Mafuta ya kahawia hufuata majira. Ukipima nusu ya watoto wakati wa baridi na nusu wakati wa joto, umepima kalenda.

2. Kamera ya joto hupima ngozi. Hapa ndipo nilipoangukia.

Mtoto alikaa kifua wazi, akatumbukiza mkono kwenye maji ya baridi kiasi kwa dakika tano, tukapiga picha kabla na baada. Kwa mwembamba yalitokea madoa mawili ya njano juu ya mitulinga, kama makaa yaliyopulizwa. Kwa mnene hapakuwa na doa, zambarau tupu. Nikaamini macho yangu. Sikujiuliza kati ya mafuta ya kahawia na lenzi kuna nini. Kuna mafuta meupe ya chini ya ngozi, nayo ni blanketi. Likiwa nene, joto hubaki ndani na ngozi hupoa, hata kama UCP1, protini inayotoa joto hilo, inafanya kazi yake sawasawa kwenye mitokondria, vinu vya nishati vya seli.

Kosa hilo lingebaki kwenye jedwali, lingesahihishika kimyakimya. Lakini mama wa mvulana mmoja aliniuliza majibu, nikamwambia, "Mama, mafuta ya kahawia ya mwanao ni mavivu, ndiyo maana ananenepa." Akauliza dawa yake nini. Nikajibu kwamba baridi huyaamsha, basi, nikaita mshiriki anayefuata.

Waliporudi baada ya miezi sita, mtoto alikuwa anaogeshwa maji baridi kila alfajiri na kulala bila shuka. Mama alinisimulia kwa fahari ya mtu aliyetii daktari. Mtoto alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Nikamuuliza, "Usiku unalalaje?" Akasema, "Naingiza magoti ndani ya fulana."

Nilimwomba mama radhi palepale, mtoto akisikia. Nikamweleza kuwa kipimo changu hakikuwa na uwezo wa kusema nilichokisema, na kwamba mwanawe hana uvivu wowote mwilini. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akamvuta mwanawe karibu. Baadaye nilirudia kazi nzima: unene wa mafuta chini ya ngozi ukapimwa kwa ultrasaundi, palepale picha inapopigwa, ukaingizwa kwenye uchambuzi. Mstari wangu mzuri ukabaki karibu bapa.

Kwa hiyo nikiwakatalia grafu, msione nawaonea.

3. PET, skani ya sukari yenye mionzi, huonyesha glukosi iliyoingia kwenye seli, na mafuta ya kahawia huchoma zaidi asidi za mafuta. Skani hiyohiyo ndiyo iliyothibitisha mwaka 2009 kwamba watu wazima nao wanayo, kwa hiyo naiheshimu. Lakini kwa sababu ya mionzi, picha za PET za watoto karibu zote ni za wagonjwa, wengi wa saratani, na mara nyingi hufunikwa blanketi kwanza ili mafuta ya kahawia yasiwake na kumchanganya msomaji wa picha. Msiwaite hao "watoto wenye afya". MRI, picha ya sumaku, haina mionzi hiyo, ila uwiano wa mafuta na maji unakuambia kilichopo, haukuambii kama kinawaka.

4. Kipi kilitangulia? Mtoto mwembamba hupoteza joto haraka, kwa hiyo mafuta yake ya kahawia yana sababu ya kufanya kazi. Mnene amejifunika tayari. Kipimo cha siku moja hakiwezi kutenganisha chanzo na matokeo. Pimeni mwanzo, kisha mfuateni mtoto. Na mkimfuata, msihesabu kilo tupu, maana mtoto anakua! Gawanyeni uzito wa mafuta kwa urefu kipeo cha pili, na hatua ya balehe iandikwe kila ziara, kwa sababu wakati wa balehe mafuta ya kahawia huongezeka pamoja na misuli.

5. Aliyetoka kukimbia kwenye korido apumzishwe kwanza. Akianza kutetemeka, simamisheni: joto hilo sasa ni la misuli, na mtoto anaumia. Shuka liwe karibu, na kabla ya kuanza aambiwe kwamba neno "basi" linatosha. Wengi hawatalisema, watavumilia ili kuwafurahisha. Tazameni taya.