Mgeni wa mjini mpe mali kauli, hela baadaye

Wiki iliyopita kaka mmoja msomaji aliniandikia ujumbe, na kwa kuwa maswali ya namna hiyo nayapata kila mara, namjibu hapa mbele ya wote. Shemeji yake alishuka stendi ya Magufuli pale Mbezi akitokea Sumbawanga. Kaka wa watu akampa milioni moja auze vifaa vya simu Manzese. Haikufika miezi mitatu, chaja hakuna, kava hakuna na milioni hakuna. "Dada, sasa anakuja mdogo wake. Huyu nimfanyieje?"

Kwanza, hela usimpe.

Mimi ni Mkinga wa Makete, na Wakinga kwa hili tunajulikana. Mtoto wa ndugu analetwa mjini, anakaa dukani kwa baba mdogo miaka kadhaa kwa kula na kulala, akishaijua kazi anafunguliwa duka lake. Ni utaratibu mzuri sana mwenye duka akiwa mkweli. Wangu alikuwa na hesabu zake. Nililala stoo juu ya marobota, nikajua mteja wa Lubumbashi anapenda kitenge gani na wa Comoro anakuja mwezi gani, nikawa nafunga hesabu ya jioni yeye yuko zake kwenye vikao vya harusi. Ilipofika zamu yangu ya kufunguliwa duka, akasema mtoto wa kike akiolewa duka linahamia ukoo mwingine. Akamfungulia mwanawe, duka ambalo halikufika hata mwaka. Tukikutana misibani tunasalimiana vizuri tu.

Aliyenitoa ni mama mmoja wa jumla Mtaa wa Kongo, Kariakoo, hata kabila lake sikulijua. Alikuwa ameniona navyofanya kazi. Akanipa dazeni za soksi mali kauli: asubuhi unachukua, jioni unaleta hela yake au unarudisha mzigo. Wakati huo dazeni ilikuwa elfu kumi, mimi nikiuza pea moja 1,500. Dazeni ikiisha nina elfu nane yangu, na sidaiwi na mtu. Siku ambayo haikuuzika, soksi zilirudi kwenye rafu yake na nililala bila deni. Hebu linganisha na milioni ya mkononi. Siku isipouzika, milioni inaliwa chipsi, inatumwa nyumbani, inaazimwa na rafiki aliyepatikana juzi.

Nilichojifunza ni kwamba kijana anayetoka mkoani hela anaweza kuipata hata kwa kubeba mizigo. Asichokuwa nacho ni mtu wa kumsemea. Mwenye duka hamjui, mjumbe hamjui, mwenye nyumba anamtazama begi. Bila serikali ya mtaa kumtambua, kitambulisho cha NIDA kama hakukipata kwao ni mbinde. Bila NIDA hasajili laini ya simu kwa jina lake wala hapati TIN, namba ya mlipakodi. Ndiyo maana unawakuta wanapokea malipo kwa laini ya mtu mwingine, na siku mwenye laini akiondoka anaondoka na mauzo. Kwa hiyo kaka yangu, kabla ya yote mshike mkono mpeleke kwa mjumbe. Haina gharama.

Nimeyafanya haya mwenyewe, siongei tu. Nina kijana wa Ludewa aliyeanza kwangu kama winga, anakamata mteja barabarani, analeta dukani, anaweka cha juu chake. Nikamwonyesha daftari, nikampa mikanda mali kauli, kidogo kidogo. Oktoba 2021 machinga walipoondolewa barabarani na goli lake, ile sehemu yake ya kupanga bidhaa, likapotea, wenzake wengi walirudi kwao au wakakimbilia kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kubwa. Yeye mzigo wake nilimwekea stoo, akawa anauza kwa picha za WhatsApp na kupeleka kwa miguu. Mwezi huu amelipia fremu yake, kodi ya miezi sita, bila mkopo hata wa senti. Acheni nijisifu kidogo, baba mdogo akisoma na asome.

Mtaniambia kuna mikopo ya halmashauri. Ipo, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani, ambayo vijana wametengewa nne, haina riba, ilisimamishwa 2023 ikarejeshwa 2024. Nzuri. Lakini inataka kikundi chenye katiba na akaunti ya benki, na kikundi ni watu wanaofahamiana. Mtu aliyefika juzi ataunda kikundi na nani? Wengi nimewaona wakikusanyana kwa ajili ya fomu tu. Hela ikitoka kila mmoja anashika njia yake, na deni linamkuta mwenyekiti peke yake kijiweni. Huko aende akishakuwa na wenzake wa kweli. Na kausha damu asiende kabisa.

Halafu nyie ndugu wenye uwezo, niwaambie ukweli. Mnapenda kutoa hela kwa sababu hela ni rahisi, ukishatoa umemaliza, ikipotea unasema kijana ni mzembe. Kumdhamini kunakutaka wewe mwenyewe: jina lako liandikwe kwenye daftari la mwenye duka, uulizwe jioni mzigo uko wapi. Hapo ndipo wengi mnapokimbia. Na mkimtumikisha dukani kwenu, mlipeni, au siku ya ahadi ikifika mtimize. Mtoto wa mwenzio hajaja mjini kukulindia stoo.

Kwa hiyo kaka, milioni ya pili iweke. Huyo mdogo mtu mlete Kariakoo Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, na wewe uje ili jina lako liandikwe. Avae viatu vya kutembelea. Nauli na chakula cha wiki ya kwanza ni juu yako; soksi nitamdhamini mimi.