Jino lina kofia, mbona linauma tena?

Daktari, nilivikwa kofia ya jino, yaani kifuniko kigumu kinacholifunika jino, miezi minane iliyopita. Sasa pameota kipele kwenye ufizi, nikikibinya kinatoa usaha. Hakiumi. Nikiache?

Usikiache, na acha kukibinya. Hicho kipele ni mdomo wa jipu lililoko chini, kwenye ncha ya mzizi. Kiini cha jino, ile nyama laini ya ndani yenye neva na mishipa ya damu, kimekufa. Bakteria wamehamia humo na usaha umejitafutia njia. Huumwi kwa sababu usaha unapata pa kutokea. Mara nyingine huwa nachomeka kijiti laini kama mpira kwenye tundu la kipele, kisha napiga eksirei. Kijiti huishia kwenye mzizi wenye kosa, kama mtoto anayemwonyesha mwizi kwa kidole.

Kwa hiyo aliyenivika kofia ndiye aliyeniharibia?

Si lazima. Ili kofia ikae, jino huchongwa milimita 1 hadi 2, na mara nyingi ni jino lililokwisha kuoza sana au kupata ufa. Kiini kilichokwisha kudhoofika huweza kufa taratibu, hata baada ya miaka. Tena kofia haiozi, lakini jino lililo chini yake linaoza, hasa pale ukingoni ambapo watu wengi hawafikishi mswaki.

Kutibu mzizi ni lazima kofia ing'olewe?

Mara nyingi hapana. Unapigwa ganzi, kofia inatobolewa tundu dogo, mifereji ya mizizi inasafishwa kwa vijitupa vyembamba na dawa, kisha inazibwa. Gego la juu huweza kuwa na mifereji 4, basi usishangae ukiambiwa urudi. Kofia ikiwa imelegea, au chini yake pameoza, hiyo itatoka.

Nimemeza antibayotiki na maumivu yamekwisha. Nirudi kwa daktari kufanya nini?

Dawa husafiri kwa damu, na ndani ya jino lililokufa hakuna damu. Uvimbe utarudi. Uvimbe ukirudi pamoja na homa, au ukishindwa kumeza au kufungua kinywa, au uvimbe ukishuka shingoni, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Kofia yangu ina wiki moja, naumwa nikitafuna tu.

Huenda imezidi kimo kidogo. Rudi isuguliwe, ni kazi ya dakika chache.