Jumamosi zangu za Iringa

Mmeuliza wiki hii, mwanafunzi aliyetoka nchi nyingine akaja kusoma mji wa mkoani, anapumzika wapi na anaburudikaje. Mi ni Mrundi wa Bujumbura, Iringa huu ni mwaka wangu wa tatu, naomba nijibu kwa urefu maana swali limenigusa.

Kwetu wikiendi ni ziwa. Jumapili jioni watu wanateremka ziwani Tanganyika, wengine wanaogelea, wengine wanakula brosheti (mishikaki) na samaki mukeke wa kuchoma (Kigoma wanaita migebuka), wala huhitaji kupanga na mtu. Nafika Iringa ziwa hakuna, baridi ya mwezi wa sita na wa saba ndo usiseme, na kila ninayemuuliza huku kuna nini cha kutembelea ananitajia hifadhi ya Ruaha. Ruaha ni pazuri sibishi, ila ni mbali, unataka gari na kiingilio na pa kulala, sasa mwanafunzi anayesubiri hela itumwe kutoka nyumbani anaendaje kila wiki? Basi muhula mzima wikiendi zangu ziliishia geto, blanketi na simu, bando likiisha nalala.

Kilichonitoa ndani ni drafti. Karibu na geto kuna kijiwe cha bajaji, wana ubao umechorwa kwa kalamu ya wino mpaka umechakaa katikati, kete ni vizibo vya soda, mmoja anavilaza kifudifudi mwenzake anavigeuza chali ndo mnajuana. Nilikuwa nasimama tu kuangalia, siku ya nne mzee mmoja fundi viatu akaniambia kijana umesimama sana, njoo ukae. Akanifunga mara tano, kila akinila anagonga kizibo kwa nguvu mpaka vingine vinaruka tunaanza kuviokota chini. Nikarudi kesho yake na keshokutwa. Pale ndo nimejifunza kusalimia Kamwene, salamu ya Kihehe, na pale ndo Kiswahili changu cha Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule Bujumbura, kimepata wasikilizaji, nikitamka kitu tofauti wanasimamisha mchezo nirudie. Simba na Yanga wakicheza tunaenda wote kibandaumiza, yaani kibanda cha kuangalia mpira kwenye TV, tunabanana kwenye benchi, hapo hata baridi huisikii.

Ila mahali ninapopapenda kuliko pote ni jiwe la Gangilonga. Kutoka mjini unatembea tu kwa miguu, ukifika unapanda taratibu, juu mji wote uko chini yako na milima kule mbali. Jina ni la Kihehe, maana yake jiwe linaloongea, na wenyeji wanasimulia kwamba Mkwawa, chifu wa Wahehe, alikuwa anakaa pale kuwaza na kupanga mambo yake, yule yule ambaye jeshi lake liliwapiga Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891. Nenda saa kumi na nusu jioni. Jiwe linakuwa bado lina joto la jua la mchana, ukikaa unalisikia kabisa, wakati upepo unaokupiga usoni umeshakuwa wa baridi, halafu jua linashuka na taa zinaanza kuwaka huko chini moja moja. Mi nabeba karanga na maji basi. Mara ya kwanza nilikaa pale saa nzima sijagusa simu, nikampigia mama nikamwambia nimepata mahali.

Jumamosi iliyopita nilipanda na wenzangu wawili wa mwaka wa kwanza, mmoja Mrundi mmoja Mkongo wa Uvira, hawajatimiza hata miezi miwili hapa. Huyo wa Uvira ziwa lake ni lile lile langu ila ng'ambo ya pili, alikaa kimya muda mrefu anaangalia upande jua linakozama, mwisho akauliza kama kwetu ni huko. Nikamwambia ndiyo, huko huko magharibi. Wiki hii ameniandikia mwenyewe, anataka tupande tena na anamleta mwenzake wa chumbani, kwa hiyo Jumamosi saa kumi tunakutana kijiweni kwa mzee wa viatu, tunacheza drafti mkono mmoja mmoja, ndo tunaenda.