Ubuyu mwekundu na mtoto asiyetulia

*Mwanangu wa miaka minne akila ubuyu na kunywa juisi ya unga hashikiki. Mama mkwe anasema ni sukari. Kweli? (Mama, Jang'ombe)*

Sukari inasingiziwa tu, bibie. Imepimwa mara nyingi, mzazi hajui mwanawe kapewa sukari au utamu mwengine, na tabia haikubadilika. Yenye kesi ni rangi. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, waliwanywesha watoto karibu 300, wa miaka 3 na wa miaka 8 na 9, juisi iliyotiwa rangi na sodiamu benzoeti, ile dawa ya kuzuia vinywaji visiharibike. Wiki nyengine walipewa juisi ya sura ileile isiyotiwa chochote. Kwa jumla utundu ulizidi walipokunywa yenye rangi, lakini ulizidi kidogo, na wapo ambao haikuwafanya kitu.

Kwa hiyo mkweo kaona sawa, kakosea wa kumlaumu. Muondolee vyenye rangi wiki mbili, halafu mrudishie, uandike kila siku kalala saa ngapi na kagombana na nani. Usijaribu wakati wa Sikukuu. Mtoto aliyekesha viwanjani Mnazi Mmoja hatulii hata akinywa maji matupu.

*Kwenye pakti nitazijuaje? (Baba, Chake Chake)*

Tafuta namba za rangi hizo: E102 (tatrazini), E104, E110, E122, E124 au E129. Tangu Julai 2010, chakula chenye mojawapo kikiuzwa Umoja wa Ulaya lazima kiandikwe kwamba huenda ikaathiri utulivu na umakini wa watoto. Ubuyu wa kufungwa kwenye kimfuko hauna maandishi, basi muombe muuzaji akuoneshe kikopo cha rangi. Akikasirika, hilo nalo ni jibu.

*Rangi ndiyo iliyomharibu mwanangu? Mwalimu anamwita punguani. (Mama, Mkoani)*

Hapana, na mwalimu aone haya. Rangi huenda ikamchochea, haimtii maradhi. Kama hatulii skuli, chuoni na nyumbani, na imepita miezi sita, mpeleke hospitali akaangaliwe.

*Napika ubuyu wa kuuza. Nikiacha rangi nani atanunua? (Mpishi, Wete)*

Suali hili nimelipeleka jikoni. Kwanza nilitia zingifuri. Rangi yake hupenda mafuta, kwenye wali inakubali vizuri, lakini kwenye shira ya ubuyu iliniachia chengachenga za rangi ya chungwa. Nikachemsha choya, maji kidogo, mpaka yakawa mazito, nikayachuja, ndipo nikatia sukari, iliki na pilipili manga. Hapo ikashika. Wekundu wa choya hustawi penye ukali, na ubuyu wenyewe mkali. Punguza ukwaju kama huwa unautia, usije ukakunja nyuso za watu.

Haukuwa mwekundu wa kuwaka, ulikuwa wa kukoza, kama zambarau iliyoiva. Binti yangu alimaliza kibakuli, akaenda kwenye kioo, akatoa ulimi. Akarudi kanuna: "Mama, haukuwa mwekundu!" Kimfuko cha pili alikichukua hata hivyo.