Pumzi imerudi, kisigino kinauma: niendelee kukimbia?

SWALI: Nina miaka 33, mama wa watoto wawili, naishi Iten. Mwaka 2018 nilikimbia mita 10,000 kwa dakika 32 na nusu, kisha nikaacha kabisa kwa miaka 6. Hii ni wiki ya saba tangu nirudi mazoezini. Pumzi imerudi haraka kuliko nilivyotarajia. Alhamisi iliyopita nilimaliza fatileki (mbio za kubadilisha kasi) na kundi bila kuachwa mbali. Lakini nikiamka, kano ya kisigino cha kulia huwa imekakamaa, nachechemea hadi jikoni. Nikianza kukimbia maumivu yanatulia. Niendelee? Pia, nilikuwa kwenye orodha ya wanariadha wa kupimwa dawa, nikastaafu rasmi kwa barua. Kuna hatua ya kufuata kabla ya kushindana?

JIBU: Dada yangu, hongera kwa kurudi. Fatileki iache kwa sasa. Kukimbia usiache.

Huko kutulia ukianza kukimbia ndiko kunakowaponza wengi. Kano ikipata joto hunyamaza, halafu hukudai kesho yake. Kwa hiyo usiipime barabarani. Ipime unaposhuka kitandani, zile hatua kumi za kwanza: zikiwa mbaya kuliko jana, mzigo wa jana ulizidi.

Mwili haurudi wote kwa pamoja. Ukianza mazoezi, maji ya damu huongezeka ndani ya siku chache hadi wiki mbili, moyo ukasukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na ndiyo maana pumzi imewahi. Kano ina mishipa michache ya damu na hujijenga polepole. Huhitaji miezi 3 au zaidi ya mzigo unaoongezwa kidogo kidogo. Na mzigo wenyewe si haba: kila unapokanyaga mbioni, kano hiyo huvutwa kwa nguvu inayozidi uzito wako mara 6.

Mtu anayeanza mbio leo hulindwa na pumzi yake. Humkatikia kabla hajafika kasi ya kumuumiza. Wewe ulinzi huo huna. Una mapafu na mwendo wa mkimbiaji wa dakika 32, juu ya kano iliyokaa miaka 6 bila kazi ya aina hiyo. Hiyo ndiyo hatari ya aliyewahi kuwa mzuri, na naomba uichukulie kwa uzito.

Jipime hivi. Simama kwenye ngazi pekupeku, mbele ya wayo ikiwa ukingoni, na uguse ukuta kwa ncha za vidole tu. Inua kisigino kwa mguu mmoja ukihesabu mbili, shusha ukihesabu tatu. Acha goti linapoanza kukunjika, au kisigino kinaposhindwa kufika kimo cha mwanzo. Kwa kiwango chako nataka 25 kila mguu. Niliwahi kumpima mkimbiaji wa zamani wa nyika aliyekuwa tayari anamaliza kilomita 20 kila Jumapili. Mguu unaouma uligoma katika ya 11. Alirudia mara mbili, hakuamini.

Dawa ni zoezi hilohilo: seti 3 za mara 15, kila siku, kwa wiki 12. Nusu fanya goti likiwa limenyooka, nusu likiwa limekunjwa kidogo, ili msuli wa chini wa kigimbi nao ufanye kazi. Ikizoeleka, vaa begi mgongoni lenye mchele kilo 2, kisha 5, kisha zaidi. Maumivu ya 3 kati ya 10 yanavumilika mradi kesho yake asubuhi hayajaongezeka. Ila kama panapouma ni pale kano inaposhikana na mfupa wa kisigino, fanyia sakafuni. Usikishushe chini ya ukingo.

Kukimbia iwe siku moja ndiyo, moja hapana, kwa mwendo wa kuongea, mahali tambarare. Najua Iten tambarare ni kuitafuta, lakini kupanda mlima huivuta kano zaidi. Raba nyepesi za mashindano ziweke kabatini.

Ukipata maumivu ya mfupa yanayoonyeshwa kwa kidole kimoja, kwenye muundi au wayo, hasa yakikuamsha usiku, simama kukimbia na umwone daktari hata kama picha ya eksirei haionyeshi kitu. Ufa mdogo wa mfupa huchelewa kuonekana. Na kama hedhi imevurugika tangu uanze mazoezi, mwambie bila haya. Mara nyingi ni dalili kwamba chakula hakitoshi, na mifupa huumia.

Kuhusu haraka: Vivian Cheruiyot alijifungua Oktoba 2013. Dhahabu ya dunia ya mita 10,000 aliipata Beijing Agosti 2015, na ya Olimpiki ya mita 5,000 mwaka 2016. Karibu miaka miwili, na huyo ni Vivian.

Swali la pili ni fupi. Aliyestaafu akiwa kwenye orodha ya kupimwa haruhusiwi kushindana kitaifa wala kimataifa hadi atoe notisi ya maandishi ya miezi 6 na awe tayari kupimwa katika muda huo wote. Yako ipeleke ADAK (wakala wa Kenya wa kupambana na dawa za kusisimua misuli) na Shirikisho la Riadha Duniani. Iandike wiki hii, ili miezi hiyo ianze kuhesabiwa wakati kano inajengwa.